Nukta Nyekundu Chini ya Simu

Kabla boksi halijatolewa mfukoni, Zhuang Musong alikuwa ameshajichimbia kaburi kwa mdomo wake mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili mchana, siku ya kwanza ya Kuang Zhilei kufika nyumbani kwa wazazi wa mchumba wake. Kijana amevaa shati jipya ambalo mikunjo ya kiwandani ilikuwa bado haijafutika, ameketi kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyeitwa polisi, na Musong anammiminia chai kwenye kile kikombe kidogo kisichozidi gamba la konokono, anamtazama akinywa, halafu anammiminia tena kabla hajameza. Vikombe kumi na moja. Watu wa Chaoshan, kama yeye, ndivyo wanavyomhoji mtu bila kumuuliza swali.

"Kwa hiyo unatengeneza lifti," alisema Musong.

"Ndiyo, mzee. Lifti na ngazi za umeme."

"Mimi natengeneza simu. Miaka ishirini na miwili, soko la Huaqiangbei, ghorofa ya tatu. Simu inakuja kama maiti, inaondoka kama bi harusi. Sasa sikiliza nikwambie, kijana. Mjini hapa kuna watu wa aina mbili tu, anayejua simu mpya na simu iliyopigwa rangi, na bwege. Mimi binti yangu simpi bwege. Mwanamume asiyejua anachonunua atanunuliwa yeye."

"Baba, acha basi," alisema Yitong, binti yake, mwalimu wa chekechea, ambaye alizoea kusema na watu wasiosikia.

"Namfundisha! Kuna ubaya?"

Mama mtu, Yao Suqing, alitoka jikoni na kimanda cha chaza kinachochemka mafuta, akamtazama mumewe kwa jicho lile ambalo kwa miaka thelathini lilikuwa limeshindwa kumnyamazisha. Kijana akaona ndiyo nafasi. Akainuka, akaingiza mikono yote miwili kwenye mfuko wa zawadi. Kwanza yakatoka machungwa manane, maana Yitong alishamwambia idadi iwe shufwa, ndiyo yenye heri. Halafu likatoka boksi jeupe limefungwa utepe.

"Mama, hii yako. Yitong alisema simu yako inazimika ukiwa kwenye ngoma za uwanjani, muziki unakatika na wenzako wanakucheka."

Kwa desturi zawadi haifunguliwi mbele ya mgeni. Suqing aliitazama desturi, akalitazama boksi, akachana plastiki kwa kucha. Simu ya samawati, inang'aa kiasi cha mtu kujiona meno. "Loo! Loo, jamani!" Akaigeuza, akaigeuza tena, na ilipogeuka mara ya pili sehemu ya chini ikaelekea kwa Musong, penye tundu la chaja na skrubu mbili.

Kwenye skrubu ya kushoto kulikuwa na nukta nyekundu. Ndogo, ya kutafutwa. Chai ilimpalia Musong hadi binti yake akamgonga mgongoni.

Nukta ile aliiweka yeye. Kila simu iliyopita mikononi mwake aliiweka, tone la rangi ya kucha kwenye kichwa cha skrubu, ili mteja akirudi kulalamika asimletee takataka ya fundi mwingine. Na simu za samawati alikumbuka vizuri. Zilikuwa hamsini, kazi ya haraka ya Bosi Cai mwenye kioski cha kona, miezi mitatu nyuma. Kioo kipya, kava jipya, halafu plastiki na boksi juu yake ziuzwe kwa bei ya simu mpya. Betri alileta Cai mwenyewe, za bei ya kutupa. Sita zilivimba zikiwa bado mezani. Musong alizitoa zile sita, akaweka nyingine kutoka kifurushi kilekile, akafunga, akapaka nukta. "Zinaenda mbali," Cai alimwambia, na Musong akajibu kwamba mbali ndiko kunakomfaa.

Sasa mbali kumekuja mezani kwake, kumekaa kando ya kimanda.

"Ulinunua wapi?" aliuliza kwa sauti iliyobaki.

"Dukani, mzee, Longgang. Na sikwenda kibwege," alisema Zhilei, uso umechangamka, maana mwishowe ameulizwa kitu anachokijua. "Nilimwambia muuzaji aniandikie kwenye risiti namba ya kiwandani ya simu yenyewe. Nikaiingiza mtandaoni, ikakubali. Nikachunguza plastiki ya boksi, nikapiga picha duka na muuzaji. Yuan elfu tatu na mia tisa. Nilitafuta wiki mbili nzima."

"Umeona, Baba?" alisema Yitong. "Huyo si bwege."

Musong alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale pale, mafupi: hii ni kazi yangu, betri yake ni mbovu, lete hapa. Lakini yalikuwa yamekaa nyuma ya yale mengine aliyoyasema vikombe vitatu vilivyopita, na hayakupata njia ya kupita.

"Nzuri," alisema. "Simu nzuri."

Kijana alipoaga, Suqing alibaki na yale machungwa manane, na badala yake akamwekea mfukoni mawili ya kwake, kama inavyopasa, maana mgeni ukimrudishia zawadi yake yote umemfukuza, na usipomrudishia kitu umemla. Musong hakuinuka kitini. Alikuwa anaitazama simu.

*

Jioni ile alianza mbinu.

"Mama Yitong, lete hiyo simu nikubandikie protekta."

"Imeshabandikwa."

"Nikuwekee nyimbo."

"Yitong ameniwekea." Suqing alikuwa amelala chali kwenye kochi, ameinyanyua simu juu ya uso wake. "Mbona unaitaka sana? Kuna kitu unataka kuniambia?"

"Mimi? Kitu gani? Nataka kuiangalia tu. Si ni kazi yangu?"

"Kaangalie za watu. Hii ya kwangu ni mpya."

Alilala nayo kando ya mto, kwenye chaja. Musong alikaa macho akisikiliza, na kila kitanda kilipolia alidhani ni betri. Asubuhi yake alijaribu tena. Mke akaenda nayo bafuni. Alijaribu jioni. Mke akaenda nayo kwenye ngoma, ameifunga kiunoni kwa mkanda kama bastola, na muziki haukukatika hata mara moja, na wenzake wakaomba waishike mmoja mmoja. Musong alisimama pembeni ya uwanja akihesabu wanawake kumi na wanane wakipeana kile kitu mikononi, akatokwa jasho kuliko waliokuwa wanacheza.

"Hii kaninunulia mkwe," Suqing aliwaambia, akamtazama mumewe. "Mpya asilimia mia. Si zile za mzee wangu, asilimia tisini na tisa."

Wanawake walicheka. Sokoni kila simu ina asilimia yake ya upya, na Musong alikuwa na tabia ya kuwapimia hata watu. Jirani yao ni tisini. Bwana harusi wa shangazi ni sabini, kioo kimebadilishwa. Zhilei, kabla hajamwona, alishampa sitini na tano kwa sababu ya kutoka mkoa wa Hunan na kutojua lugha ya nyumbani.

"Na yeye mwenyewe mzee ni ngapi?" aliuliza mmoja.

"Themanini," alisema Suqing. "Na betri imechoka."

*

Jumatano alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aingie sokoni. Alikwenda kununua simu.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Atafute nyingine ya samawati kama ile, nzima, azibadilishe simu mkewe akiwa usingizini, na dunia iendelee. Alianza kwa Cai, kwenye ukumbi wa chini, ambako zaidi ya Cai hakuna aliyemjua fundi wa ghorofa ya tatu. Cai alimpokea kwa kikombe cha chai na tabasamu la kuuza.

"Samawati? Ninazo. Kwa ajili yako, mzee, asilimia tisini na tisa."

Musong aliichukua, akatoa kioo chake cha kukuzia jichoni, akaiinamisha kwenye taa atazame gundi ya ukingo. Akaomba laini apige mtu, asikie sauti. Akauliza kama akaunti ya mwenye simu wa zamani imetolewa. Halafu akashika ncha ya plastiki ya kioo kuibandua.

"Ee! Ukibandua umenunua," alisema Cai.

"Nikinunua kabla sijabandua nitajuaje?"

"Utajua kwa kuniamini! Mzee Zhuang, unanikagulia simu mezani kwangu, mbele ya wateja? Miaka kumi tunakunywa chai moja!" Cai alipandisha sauti ili wateja nao wamwonee huruma. "Mtu mwaminifu kama mimi anapekuliwa hivi?"

Hayo yalikuwa maneno ya Musong mwenyewe. Alimfundisha Cai, mwaka ule Cai alipokuja sokoni na begi moja. Akaigeuza simu. Nukta nyekundu, skrubu ya kushoto.

Akaenda kioski cha pili. Nukta. Cha tatu hapakuwa na nukta, ila muuzaji alisema ukilipa ndipo unaruhusiwa kuiwasha. Cha nne nukta tena, na mwenye kioski akamwambia kwa siri, mdomo sikioni, kwamba hiyo ni kazi ya fundi mkubwa kweli kweli, haigunduliki. Kwa mara ya kwanza Musong alisifiwa bila kufurahi.

Mwisho wa ukumbi, karibu na vyoo, alikuta mwanamke mnene anakula tambi, mbele yake simu chache zenye mikwaruzo, kila moja imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono.

"Mbona zimechakaa hivi, dada?"

"Kwa sababu zimechakaa." Mwanamke alimeza. "Hii imeanguka kona hapa. Hii betri yake imebaki asilimia themanini na mbili, sijaigusa. Hii kamera ina vumbi. Ifungue, iwashe, kaa nayo nusu saa kama unataka. Una siku thelathini za kuirudisha na jina langu liko kwenye karatasi. Ukitaka ya kung'aa rudi kule ulikotoka."

"Kule kuna nini?"

"Wewe mgeni sokoni?" Alimhurumia. "Basi nikupe bure, maana una uso wa mtu wa kuibiwa. Ukifungua simu yoyote humu, itazame chini. Ukiona nukta nyekundu kwenye skrubu, kimbia. Huyo fundi sijui ni nani, ila mikono ya dhahabu na roho ya panya."

Musong alisimama pale akiikunja na kuikunjua kofia yake. Aliona haya, na haya yenyewe yalikuwa mageni mwilini mwake, hakujua ayaweke wapi. Hakukuwa na samawati hapo. Akanunua betri moja nzima, ya asili, yuan mia moja sitini na nane, akaomba na risiti.

Betri ile alitembea nayo kifuani siku nne. Alihitaji dakika kumi tu na ile simu. Hakuzipata, hata usiku, maana kila alipoigusa mke alifumbua jicho. Mara tatu alimwomba mkewe, na mara tatu mkewe aliuliza lile lile, kama kuna kitu anataka kumwambia, na mara tatu Musong alisema hakuna.

*

Jumapili iliyofuata Zhilei alialikwa tena, safari hii kuzungumza mahari. Suqing alinunua nyama ya ng'ombe ya kukatwa siku hiyo hiyo, vipande vyembamba vya kuonekana upande wa pili, akaweka sufuria ya supu katikati ya meza juu ya jiko la umeme. Mvuke ulijaa chumba. Simu ya samawati ilikuwa kando ya jiko, ili Suqing aone vizuri picha za kumbi za harusi alizotumiwa.

Musong hakula. Aliona kioo cha simu kimeachana na kava upande mmoja, uwazi wa unene wa ukucha. Alisogeza simu kwa kijiti cha kulia. Suqing akairudisha.

"Baba Yitong, kijana anasema na wewe."

"Nilisema, mzee, elfu sitini tutafika. Nitaongeza zamu za usiku. Mama yangu naye..."

Uwazi sasa ulikuwa wa kidole. Simu ikatoa mlio, fyuu, kama mtu anayezuia kupiga chafya.

Musong aliruka. Kiti kilianguka nyuma yake, supu ikamwagika. Aliikamata simu kwa kitambaa cha sufuria, akakimbia nayo kwenye baraza, akaitupa kwenye beseni la udongo ambamo Suqing alipanda vitunguu vya majani, akaifukia kwa mikono yote miwili. Udongo ulifoka moshi mweupe, ukanuka kama nywele zilizoungua. Ikawaka kidogo, ikatulia, na vitunguu vikalala kifudifudi.

Aliporudi ndani, wote watatu walikuwa wamesimama. Zhilei amekuwa mweupe kama boksi.

"Mama, nisamehe," alisema kijana. Aliinama, akainama tena. "Nisamehe, mama. Nilidanganywa. Ilikuwa ikuunguze uso. Nilikagua kila kitu nilichokijua, lakini sikujua vya kutosha." Akamgeukia Musong, na machozi yakawa karibu. "Ulisema, mzee. Ulisema siku ile. Mimi ndiye bwege."

Basi hapo ndipo palipokuwa pazuri pa kunyamaza. Kijana amejihukumu mwenyewe, risiti anayo, duka liko Longgang, na simu imezikwa na nukta yake. Musong angeweza kumpiga begani, kumwambia mambo hayo hutokea, na kuonekana mkubwa hadi siku ya kufa. Alilifikiria, wala nisiwadanganye. Alilifikiria muda wa kunawa udongo mikononi.

"Si wewe," alisema. "Ni mimi."

"Baba?" alisema Yitong.

"Niliifunga mimi. Kwa mikono hii. Kioo, kava, betri. Betri nilijua ni mbovu. Nilijua siku ileile boksi lilipofunguliwa, nikasema simu nzuri. Wewe huyo ulikagua kila kinachokaguliwa. Hukuweza kuona kwa sababu mimi ndiye niliyehakikisha huoni. Hiyo ndiyo kazi yangu. Bwege si wewe."

Yitong alisema neno ambalo walimu wa chekechea hawalisemi. Zhilei aliketi taratibu. Alikuwa fundi, akauliza swali la fundi.

"Ziko ngapi?"

"Hamsini."

"Zilizobaki ziko wapi?"

"Huko," alisema Musong, akaonyesha dirisha.

"Mimi lifti moja tu ikiwa na kamba mbovu naifunga," alisema Zhilei, bila ukali. "Hata wakinitukana. Nakaa mlangoni nimezuia watu kwa mwili, mpaka kamba ije."

Musong alikwenda kwenye bakuli la matunda, akachagua machungwa mawili, akampelekea kijana kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Mtu wa umri wake hampelekei kijana hivyo. "Ukiyakataa nitaelewa," alisema. "Wewe ndiye wa kuamua sasa kama unaitaka nyumba hii."

Zhilei aliyapokea. Halafu akaligeuza la kwanza, akalitazama chini. Akaligeuza la pili, akalitazama chini pia, akalinusa, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Nayabandua kabla ya kulipa," alisema, akaanza kumenya. Yitong alicheka na kulia pamoja, akampiga baba yake kwa kitambaa cha meza, kwa nguvu, kisha akampiga tena.

*

Vijana waliposhuka kutembea, Suqing alikwenda kwenye beseni, akafukua simu kwa kijiko, akaipangusa kwa kitambaa cha jikoni. Skrubu ya kushoto ilikuwa bado na nukta.

"Hii rangi ya kucha ni yangu," alisema. "Niliitafuta nyumba nzima tangu mwaka mpya."

Musong alikuwa anafuta supu sakafuni. Alisimamisha mkono.

"Ulijua?"

"Niliiona siku ileile, nikiwa naigeuza. Nikasema, ahaa, kijana kauziwa ya mzee wangu kwa bei ya mpya, na mzee wangu katoka kumwita bwege. Nikasema nisubiri, atasema mwenyewe. Nikakuuliza mara ngapi?" Alihesabu kwa vidole, akaacha. "Ya kuuza nilijua. Ya betri sikujua."

"Sasa kama ulijua ni yangu, kwa nini..."

"Kwa nini nililala nayo kichwani?" Suqing aliweka simu iliyoungua mezani, polepole. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Kwa sababu niliona nukta yako, Musong. Nikasema hii imeshikwa na mume wangu. Haiwezi kunidhuru."

Miaka thelathini alimwita Baba Yitong. Musong alisikia jina lake likitajwa na hakupata pa kujificha ndani yake. Alitamani amtukane. Alisubiri kidogo, hakutukanwa, akasimama, magoti yamelowa supu.

Alichukua kopo la chai, akalimwaga, akaiweka simu ndani. Akavaa koti. Saa ilikuwa kumi na nusu, na Jumapili soko hufungwa kumi na mbili.

Kwa Cai kulikuwa na wateja watano. Cai alimwona, akanyanyua birika la chai kwa furaha. Musong hakukaa. Alifungua kopo, akaitoa ile simu nyeusi iliyojikunja, akaiweka juu ya kioo cha meza katikati ya zile zinazong'aa, nukta ikiwa juu ili wote waione.

"Hii ni yangu," alisema kwa sauti ya ukumbi mzima, na kule mwisho, karibu na vyoo, mwanamke mnene akaacha kula tambi. "Ziko nyingine arobaini na tisa. Toa daftari lako la mauzo, Cai. Leo tunawapigia waliozinunua, mmoja mmoja."